Moyo wa Baba Aliyefiwa

Somo: Marko 5, 21–43

Katika msiba wa mtoto iko desturi tuijuayo sote. Mama mfiwa huketi ndani mkekani, na wanawake wamemzunguka. Huyu amshika mkono, yule amnywesha uji. Baba yuko nje. Yeye huulizwa habari za mbao za jeneza, za kaburi, na za chakula cha wageni. Akitokwa na machozi, huambiwa ajikaze, maana ni mwanamume. Kisha watu hurudi makwao, wala hakuna aliyemwuliza habari za moyo wake.

Sisi wenyewe tulitenda hivyo. Katika usharika wetu baba mmoja alifiwa na mwanawe wa kwanza. Mama tulimzuru mara tatu. Baba tulimwuliza tu kama kaburi liko tayari. Miezi ikapita, akaacha kuja ibadani, akashika pombe, akawa mkali nyumbani mwake. Wazee wa kanisa wakawa tayari kumzuilia Chakula cha Bwana. Ndipo mzee mmoja, asiye na maneno mengi, akauliza ni nani kati yetu aliyeketi naye tangu siku ile ya kaburi. Sote tukanyamaza.

Basi na tuyatazame Maandiko. Yakobo alipoletewa kanzu ya Yusufu yenye damu, alikataa kufarijiwa (Mwanzo 37). Daudi alimlilia Absalomu, na Yoabu akamjia na karipio (2 Samweli 18 na 19). Yoabu alikuwa na sababu yake, maana watu wa vita walikuwa karibu kutawanyika. Walakini karipio si faraja, na wengi wetu tumejifunza kwa Yoabu kuliko kwa Bwana. Kwani Bwana alimtendea nini Yairo? Alifuatana naye njiani. Habari ya kifo ilipofika, alisema na baba yule papo hapo, kabla hajajibu neno. Tena alipoingia mahali alipolala mtoto, aliwatoa waliofanya ghasia, akawachukua baba na mama pamoja. Baba hakuachwa nje.

Hata Daktari Martin Luther, ambaye wengine humdhani kuwa mtu wa jiwe, aliyajua haya. Mwaka 1528 binti yake Elisabeth alikufa kabla hajatimiza mwaka mmoja, naye akamwandikia rafiki yake kwamba hakudhani kamwe moyo wa baba waweza kulegea hivyo kwa ajili ya mtoto. Mwaka 1542 Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, alifia mikononi mwake. Aliuamini ufufuo, naye alilia. Tena aliwaonya wenye huzuni nzito wasikae peke yao, bali watafute watu, wale, wazungumze.

Nanyi walimu, jueni ya kuwa kwa wanaume ugonjwa wa huzuni mara nyingi hauonekani kwa machozi. Huonekana kwa hasira, kwa pombe, kwa kukosa usingizi, hata kwa kazi isiyo na kipimo. Mambo hayo yakidumu majuma mawili au zaidi, msidhani ni ukaidi tu. Wala msianze na mafundisho. Eliya alipoomba kufa, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Mtu akisema ni afadhali kufa, mwulizeni wazi kama anataka kujiua. Kuuliza hakupandi wazo hilo moyoni mwake. Asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali. Jambo hili si aibu. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, misheni ilianza kuwatunza wagonjwa wa akili zaidi ya miaka 100 iliyopita, na Kanisa laendelea na kazi hiyo hata leo.

Baba yule tulimwendea, sisi na mzee wetu, tukamkuta akipalilia migomba. Tukaomba majembe, tukalima pamoja naye. Hakusema neno hata jua likaelekea kuchwa. Ndipo akatuuliza kama twalikumbuka jina la mwanawe. Mzee alilikumbuka. Sisi, tuliombatiza mtoto yule, hatukulikumbuka.