Kuchora Ua kwa Wino wa Masizi

Mwalimu mwanafunzi anapochora ua ubaoni na kuliamuru darasa linakili, watoto wote hutoa ua lile lile: duara katikati, petali tano za mviringo pembeni. Tumeliona jambo hili tukikagua mazoezi ya kufundisha hapa Kwa Mathias, na hali bamia zimechanua nyuma ya nyumba wanamotoka watoto hao.

Wachina, ambao wengi wetu tunawajua kwa Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, wana sanaa ya kale inayoweza kutufaa. Mchoraji wao hutumia brashi ya manyoya na wino wa masizi yaliyochanganywa na gundi. Karatasi yake huunyonya wino papo hapo, na kifutio hakina kazi. Kwa hiyo hana budi kulitazama ua kwa makini kabla ya kuigusa karatasi. Kitabu chao mashuhuri cha kufundishia, Bustani ya Mbegu za Haradali, kilichoanza kutolewa mwaka 1679, huonyesha okidi hatua kwa hatua: jani la kwanza, kisha la pili linalolikata la kwanza, kisha la tatu. Hapo mwanachuo ataitambua kanuni ya kutoka jepesi kwenda gumu. Lakini hata kitabu hicho, kikinakiliwa tu, huzaa kasuku.

Masizi ya chungu yachekechwe kwa kitambaa, yasagwe kwanza pamoja na uji mzito wa muhogo, ndipo maji yatiwe. Masizi makavu huelea juu ya maji. Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki chatosha kuwa brashi, ingawa manyoya ya mbuzi yaliyofungwa kwenye kijiti ni bora zaidi. Magazeti ya zamani hunyonya wino vizuri.

Somo hili lifundishwe vipindi vya kwanza, kwani ua la bamia hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Kila kikundi kipewe ua lake. Mwalimu asichore kitu ubaoni, aulize. Petali ipi imelalia nyingine? Weusi wa ndani unaishia wapi? Jani lina ncha ngapi? Watoto wajibu kwa kidole, wakichora hewani, na hapa mwalimu asiwe na haraka hata kidogo. Kisha kila petali ichorwe kwa mkupuo mmoja wa wino mwepesi, na kitovu kwa wino mzito petali zingali na unyevu. Mishipa ya jani ingoje jani likauke nusu. Sehemu iliyobaki tupu iachwe tupu.

Katika kusahihisha, mtoto aonyeshe kwenye ua lenyewe kile alichokichora. Akiweza, apewe alama, hata kama mkono wake ulitetemeka.

Wino uliosalia umwagwe siku hiyo hiyo, maana uji huchacha.