Kupiga picha za shanga bila vifaa vya studio

Mteja wa mbali hununua mkufu kwa kuutazama kwenye simu. Picha ikipotosha rangi, mzigo hurudishwa.

Doldol iko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua huwa karibu na utosi na vivuli huwa vyeusi. Funga shuka jeupe la kitanda kwenye vijiti vinne, kati ya jua na mkufu. Sasa shuka lote ndilo taa. Taa ikiwa kubwa na karibu, kivuli hulainika. Kwa hivyo literemshe mpaka lianze kuonekana kwenye picha, kisha lipandishe kidogo.

Upande wenye kivuli, simamisha kadibodi iliyobandikwa karatasi nyeupe. Karatasi ya fedha ya kufungia chakula huakisi mwanga zaidi, ila huacha madoa ya mng'ao kwenye shanga za kioo. Ikunjekunje kwanza.

Shuka jekundu alilojitanda mpiga picha, zuri lilivyo, ndilo adui asiyeshukiwa: akiinama karibu, wekundu wake huangukia shanga nyeupe. Afadhali aliweke kando.

Usiku, karatasi wala kitambaa kisiguse balbu yenye joto.