Mashine Inahesabuje Damu, na Tutajuaje Kuwa Imehesabu Sawa?

Mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, ina chembe nyekundu zipatazo milioni 4 hadi 5. Mtaalamu wa maabara akitumia hadubini na kioo chenye miraba huhesabu mamia kadhaa tu, kisha hukadiria zilizobaki. Mashine huhesabu maelfu katika muda mfupi. Lakini mashine haina macho. Inazijuaje?

Njia ya kuzihesabu bila macho aliibuni Mmarekani Wallace Coulter, akapewa hataza mwaka 1953. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Chembe ya damu imevikwa utando wenye mafuta, na umeme haupenyi humo kirahisi. Basi damu huchanganywa na maji hayo, ikapitishwa kwenye tundu dogo mno ambamo pia umeme unapita. Chembe ikiingia tunduni huziba sehemu ya njia, na umeme hutikisika kidogo. Mtikisiko mmoja huhesabiwa chembe moja. Chembe ikiwa kubwa, mtikisiko nao ni mkubwa.

Hapo ndipo penye siri yote. Kwa njia hii mashine haitambui chembe, inatambua ukubwa wa kizuizi. Chembe mbili zikiingia pamoja huonekana moja, na ndiyo maana damu huzimuliwa sana kwanza.

Sasa fikiria mizani ya muuza sukari iliyopinda. Ukipima mfuko uleule mara kumi, itakuonyesha uzito uleule mara kumi, na mara zote imekosea. Kurudia jibu si usahihi. Dawa yake ni kuweka juu yake jiwe unalolijua uzito. Maabara nayo ina jiwe lake: kila siku, kabla ya damu za wagonjwa, hupimwa damu maalumu ya udhibiti ambayo viwango vyake vinajulikana, na jibu huchorwa kwenye chati. Likivuka mipaka, kazi husimama. Hata likiwa ndani ya mipaka lakini linapanda kidogo kidogo siku baada ya siku, mtaalamu makini hashangilii, anatafuta chanzo.

Hata hivyo, jiwe likisoma sawasawa, sampuli yenyewe inaweza kuidanganya mashine. Chembe sahani, zile zinazosaidia kuziba jeraha, kwa mtu mzima huwa kati ya 150,000 na 450,000 kwa mikrolita. Chupa yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa inayoshika kalisi ili damu isigande. Kwa watu wachache, ndani ya dawa hiyo chembe sahani hushikamana mafungu mafungu. Mashine hukuta fungu moja kubwa mahali palipo na chembe nyingi, na wakati mwingine hulihesabu kuwa chembe nyeupe. Karatasi inatoka ikisema sahani ni 40,000, na mtu mzima wa afya anaonekana yuko hatarini. Tone la damu hiyo likipakwa kwenye slaidi, mafungu huonekana wazi. Damu huchukuliwa upya katika chupa yenye sitrati, na jibu huzidishwa kwa 1.1, kwa sababu sitrati ni kimiminika na imeongeza ujazo.

Kwa hiyo, ukiambiwa chembe sahani zako zimeshuka sana nawe huna michubuko wala kutokwa damu, usikae kimya. Muulize daktari wako kama slaidi imetazamwa.