Dondoo muhimu: Vitenzi vya Kiingereza vinavyofuata kanuni

Kinkondja, kando ya Ziwa Kisale, mtoto hukua na Kiluba na Kiswahili, kisha shuleni hukutana na Kifaransa. Kiingereza kikifika, aanze na kazi anazoziona kila siku: *fish*, kuvua, *dry*, kukausha, *smoke*, kukausha kwa moshi.

• Taja mtendaji. Kwa Kiswahili "tunavua" inatosha. Kiingereza hudai neno linalojitegemea mbele: *we fish*.

• Usisahau -s ya yeye. Kifaransa kina miisho mingi. Wakati uliopo wa Kiingereza una huu tu: *she smokes*. Baada ya sh, ch, s, x au z, weka -es: *he fishes*.

• Chunguza y. Ikitanguliwa na konsonanti hugeuka: *dry, dries, dried*. Ikitanguliwa na irabu hubaki: *play, plays, played*.

• Jana ni -ed kwa wote. *I fished, they fished*. Tega sikio: *fished* huishia kwa sauti ya t, *dried* kwa d, *wanted* kwa id.

• Ukikanusha, rudi kwenye shina. *She does not fish. They did not dry*. *Does* na *did* zimeshabeba mzigo.

• Vitenzi vikaidi, visivyofuata kanuni, viandikie ukurasa wake. *Sell* huwa *sold*, *buy* huwa *bought*.

Mitumbwi ikirudi, tunga sentensi tatu kuhusu unachokiona, uzitamke kwa sauti. Ulimi hujifunza kwa kutumika.