Kinywa cha Papasi na Homa Isiyokumbukwa Chanzo

Papasi, kwa jina la kisayansi Ornithodoros moubata, ni kupe laini anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, zikiwemo za nyumba za tembe za Ugogo. Hueneza bakteria Borrelia duttonii, kisababishi cha homa ya papasi, ugonjwa unaofahamika Mvumi na kwingineko mkoani Dodoma. Bakteria huyo ana jina la daktari Mwingereza, Joseph Dutton, aliyefariki Kasongo, mashariki ya Kongo, mwaka 1905 wakati wa utafiti wake juu ya homa hii.

Kinywa cha papasi kiko chini ya mwili, hivyo hakionekani kwa anayemtazama kutoka juu. Vipapasio viwili huchunguza ngozi. Taya mbili zenye ncha kali huikata. Kisha kiungo chenye vijino vilivyoelekea nyuma humshikiza jerahani anaponyonya. Mate yake huzuia damu kuganda. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania ngozini kwa siku kadhaa, lakini papasi hushiba usiku, kwa kawaida chini ya saa moja, akarudi ufani. Bakteria huingia jerahani pamoja na mate, au pamoja na majimaji yatokayo kwenye tezi zilizo karibu na mashina ya miguu yake ya mbele.

Kwa kuwa aliyeumwa alikuwa usingizini, mara nyingi hukana kuumwa na kupe. Yafaa mhudumu aulize mgonjwa analala wapi, sakafu ni ya namna gani, na kama homa ilipoa siku kadhaa ikarudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakitambui Borrelia. Damu ichukuliwe homa ikiwa juu, ichunguzwe kwa darubini. Bakteria huonekana kama nyuzi zilizosokotwa.

Kuchelewa ni hatari zaidi kwa mjamzito: mimba huweza kutoka, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati na kufariki. Antibiotiki hutibu ugonjwa huu, ila mgonjwa aangaliwe kwa karibu saa za mwanzo za tiba, kwani homa huweza kupanda ghafla na shinikizo la damu kushuka.

Nyumbani, kinga ni kuziba nyufa, kusakafia kwa saruji inapowezekana, kulala kitandani mbali na ukuta, na kuchomeka chandarua chini ya godoro.