Anayekudai Ana Haki ya Pesa Zake, Hana Haki ya Kukuaibisha

Tangu huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, Wakenya tumezoea kukopa kwa simu bila kuonana na anayetukopesha. Kudaiwa nako kumehamia humo humo: namba ngeni, sauti kali, vitisho kabla ya kifungua kinywa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa sana na wakopaji, na majibu yake yanafuata sheria za Kenya. Wengi wanaonijia si wezi. Walikopa wakitarajia kulipa, biashara ikalala au mtoto akalazwa, na sasa wanalipa kwa woga badala ya kulipa kwa mpango.

Nilikopa shilingi 8,000 kwenye programu ya simu, nikachelewa wiki tatu. Sasa wanampigia bosi wangu, shemeji yangu na hata mama mmoja wa kanisani. Wana ruhusa?

Hawana, dada yangu. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilizotolewa Machi 2022 chini ya Sheria ya Benki Kuu zinakataza jambo hili waziwazi. Mkopeshaji haruhusiwi kutumia orodha ya majina iliyo kwenye simu yako kuwasaka jamaa zako unapochelewa. Haruhusiwi kutisha, kutukana, wala kuweka habari zako mtandaoni ili uaibike. Kumtuma wakala amfanyie hayo hakumwondolei lawama.

Jambo la kwanza ni ushahidi. Mwombe shemeji asifute ujumbe wowote aliotumiwa hata kama umemuudhi. Apige picha ya skrini inayoonyesha namba iliyotuma, tarehe na saa. Simu zilizopigwa ziandike kwenye daftari: nani alipiga, saa ngapi, alisema nini. Kisha lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuruhusu kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na malalamiko yanapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Ofisi ya Kamishna imeshaonyesha kuwa ina meno: Septemba 2023 ilimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia vibaya majina na namba za watu. Nakala ya malalamiko ipeleke Benki Kuu, kwa sababu ndiyo inayotoa leseni na ndiyo inayoweza kuiondoa. Ukitishiwa kupigwa, nenda kituo cha polisi na usiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio).

Angalia pia kama mkopeshaji huyo yumo katika orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni. Aprili 2020 Benki Kuu iliwanyang'anya wakopeshaji wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo. Kwa hiyo "tunakupeleka CRB leo saa kumi", ikitoka kwa asiye na leseni, ni makelele matupu.

Lakini zile 8,000 bado unadaiwa. Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna kifungu nilichokitaja hapa kinacholifuta.

Mimi sikukopa chochote. Mpwa wangu aliandika namba yangu alipojisajili, sasa wananiambia mimi ni mdhamini wake.

Mzee wangu, si mdhamini. Sheria ya Mikataba inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe ya maandishi, na iwe na sahihi ya anayeahidi. Namba yako kuandikwa na mpwa bila wewe kujua haikufungi hata kwa senti moja. Wajibu mara moja kwamba hukudhamini, kisha walalamikie kama nilivyoeleza hapo juu.

Kwenye sacco (chama cha akiba na mikopo) mambo ni tofauti. Tuseme ulijaza fomu, ukatia sahihi, na akiba yako imezuiwa kwa ajili ya mkopo wa mwenzako. Hapo deni ni lako pia.

Nimepata ujumbe: "Maafisa wako njiani na dalali, andaa vitu vyako." Nitafungwa?

Polisi hawakamati mtu kwa sababu tu amechelewesha mkopo. Deni ni kesi ya madai, na ina hatua zake. Anayekudai anaanza kwa barua ya madai. Usipolipa, anakwenda kortini. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kusikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 na inayotakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60. Dalali kwa kawaida hufika baada ya hukumu, akiwa na hati ya mahakama. Siku ya kwanza haondoki na kochi lako. Anaorodhesha mali na kukuachia tangazo, kisha una siku saba. Hata hapo kuna vitu visivyoguswa chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, na vifaa vya kazi vya fundi. Ujumbe wa simu hauna nguvu ya hata moja ya hatua hizo.

Nataja mambo matatu ambayo watu huyachanganya, na yamewaumiza wengi. La kwanza, kifungo cha madai kipo, ila huja baada ya hukumu, na lazima kwanza uitwe mbele ya mahakama ueleze kwa nini usifungwe. Ukienda na karatasi zinazoonyesha hali yako ya kipato, unasikilizwa. La pili, ukitoa hundi ukijua akaunti haina pesa, hilo ni kosa la jinai na polisi wanaweza kukujia. La tatu ni mali uliyoweka rehani. Aliyeweka logibuku anaweza kuchukuliwa gari kwa nguvu ya mkataba wenyewe. Aliyeweka shamba ana muda mrefu zaidi: Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka apewe notisi ya miezi mitatu arekebishe kasoro, halafu notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuziwa.

Hati halisi ya kuitwa kortini ina namba ya kesi na jina la mahakama. Usiidharau. Peleka namba hiyo kwenye masjala ya mahakama wakuhakikishie. Nimeona watu wenye utetezi mzuri wakihukumiwa kwa sababu tu hawakujibu, wakidhani ni kitisho kama vile vya kwenye simu.

Nilikopa benki mwaka 2016, mambo yakaharibika, nikaacha kulipa 2017. Sasa kampuni nisiyoijua inadai shilingi 190,000 kwa mkopo uliokuwa umebaki 40,000. Wananibembeleza nitume "hata mia tano tu, kuonyesha nia njema".

Usitume hiyo mia tano kwanza. Sheria ya Kenya inampa anayekudai deni la mkataba miaka sita ya kwenda kortini, na malipo yoyote, hata madogo, yanaianzisha hesabu upya. Barua yako yenye sahihi inayokubali deni hufanya vivyo hivyo. Hiyo mia tano inaweza kulifufua deni ambalo korti isingelisikiliza tena. Kama benki ilikwisha kupata hukumu dhidi yako, jambo ni jingine: hukumu inaishi miaka 12. Uliza hilo mapema.

Pili, hesabu yao inanitia shaka. Tangu Mei 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kimeweka ukomo kwa benki. Mkopo ukishaharibika, riba inayoongezwa haiwezi kupita kiasi cha deni kilichokuwepo siku ulipoharibika. Kama ulibaki na 40,000, riba haizidi 40,000 nyingine. Jumla ni 80,000, pamoja na gharama halali za kukusanya. Waulize hiyo 110,000 iliyozidi inatoka wapi.

Iandikie benki yenyewe, usiwaandikie hao wanaopiga simu. Taja namba ya mkopo bila kutamka kwamba unakubali kudaiwa, uombe taarifa kamili ya akaunti tangu siku ya kwanza, na uulize kama kampuni hiyo imeajiriwa kukusanya au imeuziwa deni. Ukishajua hayo ndipo uamue. Sikushauri ujifiche nyuma ya kalenda: pesa ulizichukua, na ukiwa na uwezo, mapatano ya haki yatakupa usingizi. Ila uamue ukiwa unajua unachokifanya.

Nimefika mwisho wa usaili wa kazi, wakaniambia CRB yangu ni chafu. Sijawahi kukopa pesa nyingi. Nianzie wapi?

Anza kwa kuisoma ripoti yenyewe. Watu wengi wanapigana na CRB ambayo hawajaiona. Kenya ina kampuni tatu zenye leseni, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Chukua kutoka zote tatu, maana yaliyomo huweza kutofautiana.

Keti na kalamu. Kila akaunti ina jina la mkopeshaji, tarehe ya kufunguliwa, kiasi cha mwanzo, salio, siku za kuchelewa na hali ya mkopo. Pita mstari kwa mstari ukijiuliza: hii akaunti ni yangu? Kitambulisho kilichopotea huzaa mikopo usiyoijua. Je, deni moja limeandikwa mara mbili? Je, mkopo uliomaliza bado unaonyesha salio? Na je, kuna deni lisilozidi shilingi 1,000? Kiasi hicho hakitakiwi kuripotiwa kama deni baya.

Ukipata kosa, pinga kwa maandishi kwa kampuni ya CRB na kwa mkopeshaji kwa pamoja, ukiambatanisha ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala. Ikiwa ujumbe umefutika, omba taarifa ya M-Pesa ya mwezi huo. CRB inatakiwa kuchunguza, lakini haibuni habari. Inayapokea yaliyotoka kwa mkopeshaji, na yeye ndiye mwenye kurekebisha. Ndiyo maana unawaandikia wote wawili. Muulize mkopeshaji pia notisi yake iko wapi: alipaswa kukujulisha siku 30 kabla ya kupeleka jina lako.

Nimelipa deni lote. Kuna kijana mjini anasema ataondoa jina langu CRB kwa shilingi 3,000.

Ziweke hizo 3,000. Habari ya kweli haiondolewi na mtu wa mitaani, na habari ya uongo unaiondoa mwenyewe kwa barua. Anachotaka ni kitambulisho chako kiingie mikononi mwake.

Kinachotokea kwa haki ni hiki: ukilipa, hali ya akaunti inabadilika kutoka deni baya kuwa deni lililolipwa. Historia ya kuchelewa hubaki miaka mitano. Chukua barua ya kumaliza deni kutoka kwa mkopeshaji, subiri rekodi ibadilishwe, kisha omba cheti cha CRB kwa ajili ya mwajiri. Waliopata punguzo la nusu ya deni katika mpango wa benki wa kurekebisha rekodi za mikopo ya simu, wa Novemba 2022 hadi Mei 2023, nao waangalie kama rekodi zao zilibadilishwa kweli.

Alama zako za CRB hujengwa polepole. Tangu 2014 mikopo inayolipwa vizuri nayo huripotiwa, si mibaya peke yake. Mkopo mdogo wa benki au sacco unaolipwa kwa wakati, mwezi baada ya mwezi, unasaidia. Kukopa programu hii kulipa ile hakusaidii.

Nina madeni matano na mshahara wa 32,000. Siwezi kuyalipa yote kwa pamoja. Nianze na lipi?

Anza na lile linaloweza kukupokonya kitu au kumuumiza mtu: lenye rehani, kisha la sacco ambalo wadhamini wako watakatwa. Yale ya programu za simu yanapiga kelele zaidi, na ndiyo sababu watu huyatanguliza, lakini kelele haziyapi haki ya kwanza. Ujue pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kwa pamoja kupita theluthi mbili za mshahara wako.

Kisha andika unachotumia kwa kodi ya nyumba, unga, nauli na karo. Kinachobaki ndicho cha kuahidi, hata kikiwa 4,000. Wengi huahidi 10,000 wakiwa wamebanwa kwenye simu, wakavunja ahadi mwezi wa pili, na baada ya hapo hakuna anayewaamini. Muandikie kila mkopeshaji kiasi unachoweza na tarehe ya kulipa. Akikubali kupunguza, akupe barua inayosema ni kiasi gani kitamaliza deni na kwamba atabadilisha rekodi ya CRB, na usitume shilingi kabla hujaipata. Lipa kwenye paybill ya kampuni, kamwe usilipe kwenye namba binafsi ya wakala.