Dondoo muhimu: WhatsApp, wasaidizi wa kidijitali na familia

Akaunti ya WhatsApp hulindwa kwa PIN ya tarakimu sita, inayowekwa katika mipangilio, sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili. Kwa mfanyabiashara wa Kombani, pale barabara ya Kwale inapochepuka kutoka ile ya Likoni–Lunga Lunga, hatua hii ni ya lazima: mwizi wa akaunti huwaandikia wateja na jamaa akiomba pesa kwa jina la mwenyewe. Ombi kama hilo, hata likija kwa sauti inayofahamika, huthibitishwa kwa kumpigia mhusika simu ya kawaida, kwani siku hizi kompyuta huiga sauti. PIN ya M-Pesa na namba za uthibitisho zinazotumwa kwa SMS hazipewi mtu yeyote.

ChatGPT na wasaidizi wenzake wa kidijitali hufaa kuandaa tangazo la samaki au barua ya kuomba kazi katika hoteli za Diani. Bei, tarehe na majina yahakikiwe, maana wasaidizi hawa hubuni mambo bila kusita, na Kidigo chao ni dhaifu kuliko Kiswahili. Namba za vitambulisho na karatasi za hospitali zisiingizwe humo kamwe.

Picha ya mtoto wa mwenzio hairushwi kwenye kundi la WhatsApp la harusi au la shule bila idhini ya mzazi.